Upepo Haumomonyoki: Maoni Yetu juu ya Istilahi za Kreta za Mirihi

Umetufikia mezani mswada kutoka Mwanza. Ni sura saba za kitabu cha ziada juu ya sayari za mawe, kilichokusudiwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi pamoja na watu wazima wapendao kujisomea. Mwandishi wake ni mwalimu, na jina lake hatulitaji kwa kuwa kazi haijachapwa. Tuliombwa tutoe maoni juu ya istilahi tu, si juu ya sayansi wala michoro. Sura sita tulizipitia upesi na kwa furaha. Sura ya tano, inayoeleza jinsi upepo unavyozibadili kreta za Mirihi, ilitushika siku tatu, na mabishano iliyoyazusha ndiyo tunayoyaleta hapa, maana yanawahusu watafsiri na walimu wengi zaidi ya huyu mmoja.

Tuanze na sifa. Mwandishi ameiita sayari hiyo Mirihi, jina ambalo wanajimu wa pwani walilijua tangu zamani, akaikataa ile orodha iliyopata kuenea katika vitabu vya shule ambamo sayari zilipewa majina ya buruji, Sumbula na Kausi na kadhalika, kana kwamba mtu angeweza kuuita mwezi wa Machi Jumatano. Pia ameandika sentensi fupi. Kwa mtu anayetafsiri sayansi hilo si jambo dogo.

Ameuchagua mfano mmoja na kuushikilia sura nzima: kreta iitwayo Victoria, iliyoko katika uwanda wa Meridiani. Twafahamu kilichomvuta. Mtoto wa Mwanza akilisikia jina hilo huinua kichwa. Lakini mswada unasema kwamba kreta imepewa jina la ziwa, na hapo pana kosa. Ziwa lilipewa jina la malkia wa Waingereza na John Hanning Speke, aliyefika ufuko wake wa kusini, karibu na Mwanza, mwaka 1858. Wenyeji walikuwa na majina yao, na neno Nyanza lingali hai. Kreta ya Mirihi imepewa jina la merikebu, ile ya msafara wa Magellan iliyorejea Hispania mwaka 1522 baada ya kuizunguka dunia. Ndiyo maana sehemu za ukingo wake zinaitwa kwa majina ya mahali palipofikiwa na msafara huo, kama Cape Verde. Mwandishi amelitafsiri jina hili la mwisho kuwa Rasi ya Kijani. Tumelifuta. Jina la mahali halitafsiriwi, na msomaji asije akayatafuta majani katika sayari isiyo na unyasi mmoja.

Lakini maneno ya kawaida rasi na ghuba tumeyaacha, tena kwa kuyashangilia. Kreta ya Victoria si duara safi. Ukingo wake umeliwa ukawa na meno: hapa mwamba umechomoza, pale umerudi ndani, mzunguko mzima. Mwanafunzi aliyekaa juu ya mawe ya Mwanza akaitazama pwani ikiingia na kutoka hahitaji maelezo zaidi. Neno limemtangulia.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Karibu katika kila ukurasa wa sura hiyo imo istilahi “mmomonyoko wa upepo”. Mwandishi hakuitunga yeye. Ameikuta vitabuni, na sisi pia tumeipitisha mara nyingi bila kuitazama usoni. Safari hii tumeitazama.

Tusemapo mmomonyoko wa udongo, kinachomomonyoka ni udongo. Tusemapo mmomonyoko wa maadili, kama wahariri wa magazeti wapendavyo kusema, kinachomomonyoka ni maadili. Kwa kanuni hiyo hiyo mmomonyoko wa upepo hauna budi kuwa ni kumomonyoka kwa upepo. Tulijibiwa na mwenzetu mmoja kwamba kihusishi “wa” kina mapana yake, na kwamba watu husema “uharibifu wa panya” bila mtu yeyote kudhani panya ndio walioharibiwa. Ni kweli, lakini tofauti iko katika kitenzi. Kuharibu kuna mtenda. Kumomonyoka hakuna: ni tendo la kile kinachopatwa, kama kuvunjika na kukatika, wala hakuna asemaye “mvunjiko wa nyundo”. Kama ni lazima upepo uwe mtenda, basi kitenzi ni kumomonyoa, na jina lake ni umomonyoaji. Hilo ni sahihi kisarufi. Tulilitamka kwa sauti mara tatu tukaliacha.

Tuliliacha si kwa urefu wake tu. Hata lingekuwa fupi, picha yake si ya upepo. Kinachomomonyoka ni kitu kilicholegea au kilicholowa, kinachoachia mabonge: ukuta wa udongo baada ya masika, ukingo wa mto, kipande cha mkate mikononi mwa mtoto. Neno hili liliingia katika lugha ya maofisa na ya shule likiwa limebeba maji ya mvua. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulipoanzishwa mwaka 1973, na ule wa Shinyanga mwaka 1986, adui aliyeonyeshwa wananchi alikuwa korongo: maji yamepita, udongo umekatika, shamba limekwenda. Usukumani kote mtu mzima alijua maana ya mmomonyoko kwa sababu aliuona ukifika mlangoni pake. Istilahi iliyozaliwa hivyo ina nguvu kubwa, na nguvu hiyo ndiyo inayotuponza tunapoipeleka mahali pasipo na maji.

Kwamba si suala la sarufi tu, ushahidi tunao wenyewe. Mmoja wetu alipata kufundisha jiografia Mwanza miaka mingi iliyopita. Kila mwaka aliwachukua wanafunzi wake hadi ufukoni, karibu na kivuko cha Kamanga, akawaonyesha Jiwe la Bismarck likiwa limesimama majini juu ya mawe mengine, akawaambia hii ni kazi ya mmomonyoko wa upepo. Wanafunzi waliandika. Leo anakiri kwamba alifundisha uongo, na kwamba alifikishwa huko na neno. Kitabu chake kilikuwa na neno moja kwa kila namna ya jiwe kupungua. Akaliona jiwe limepungua, akauona upepo unavuma kutoka ziwani, akaviunganisha.

Mawe ya Mwanza hayakuchongwa na upepo. Ni matale, yaani granati, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Yalianza kupata umbo yakiwa bado chini ya ardhi. Maji yaliyopenya katika nyufa yaliuozesha mwamba polepole. Pembe zilioza upesi kuliko nyuso, kwa kuwa pembe hushambuliwa kutoka pande zaidi ya moja. Yakabaki madonge ya mviringo ndani ya mwamba uliooza. Baadaye mvua ilichukua ule uliooza, na madonge yakaachwa yamepandana kama magunia gatini. Hapo mna mambo mawili, na kila moja lataka jina lake: kwanza mwamba kumeng’enyeka mahali pale pale ulipo, bila kuchukuliwa, pili kuchukuliwa. Mmomonyoko ni jina la hilo la pili, tena kwa maji. Mwandishi wetu ameiweka picha ya Jiwe la Bismarck katika sura ya tano, ya upepo wa Mirihi, apate kulinganisha. Tumemwomba aihamishie sura ya pili, kwenye kumeng’enyeka kwa miamba.

Basi upepo unafanya nini? Tulilipata jibu karibu na tulipokuwa tumekaa, katika mwalo wa Kirumba, mahali ambapo dagaa hukusanywa kwa magunia. Kila mpishi wa Kanda ya Ziwa anajua kwamba kuna dagaa wenye mchanga na dagaa wasio na mchanga. Wa kwanza wameanikwa chini, ufukoni. Wa pili wameanikwa juu ya vichanja, vilivyoinuliwa kiasi cha kiuno cha mtu. Walioanikwa chini huokota mchanga waliolalia, na upepo wa mchana utokao ziwani huwaongezea mwingine. Lakini upepo huo huo unapita juu ya kichanja pia, mbona haupeleki mchanga huko? Kwa sababu chembe ya mchanga hairuki kama vumbi. Huinuka kidogo, husukumwa mbele, huanguka, na katika kuanguka huipiga chembe nyingine nayo ikainuka. Ni kurukaruka, karibu na ardhi. Vumbi laini ndilo linaloelea na kwenda mbali. Changarawe hutambaa tu. Kurukaruka, kuelea, kutambaa: maneno matatu ya kila siku, na katika mswada yote matatu yalikuwa yamefunikwa chini ya “usafirishwaji wa upepo”, maneno ambayo nayo, tukiyasoma kwa ukali ule ule, yanatuambia kuwa upepo umepakiwa kwenye lori.

Upepo unaochukua kilicho chepesi na kuacha kilicho kizito una kitenzi chake katika Kiswahili, na ni kitenzi cha kila nyumba inayotwanga mpunga. Ni kupepeta. Mama anayerusha mpunga katika ungo hahitaji kufundishwa kwamba pumba hupeperuka na mchele hubaki. Tena shina la neno ni lile lile la upepo wenyewe: upepo, pepea, pepeta, peperusha, ukoo mmoja. Lakini ndugu hawa si sawa. Kupeperusha ni kuchukua bila kuchagua; kupepeta ni kuchukua kwa kuchagua, na kuchagua ndiko kunakotakiwa hapa. Twapendekeza upepetaji kwa tendo hilo la upepo juu ya ardhi tupu.

Kwamba neno linafaa, kreta ya Victoria yenyewe ndiyo shahidi. Kuizunguka pana utando mweusi, unaoenea kwa wastani wa mita 590 kutoka ukingoni. Kimondo kilipopiga, kilitapanya mawe na vumbi pande zote. Vifusi hivyo vilikuwa na chembe za kila ukubwa, na ndani yake vigololi vya hematiti, vigumu, vyenye upana wa milimita chache. Upepo ulipepeta. Kiasi cha mita 1 ya vifusi ilikwenda zake, na vigololi, kwa uzito na ugumu wao, vikabaki vimetanda juu kama mchele uliosalia katika ungo. Kisha vikaanza kunasa mchanga mweusi uliokuwa ukipita, nao haukuzidi sentimita 20 kwa kina. Ukisema kwamba utando huo ulitokana na mmomonyoko, umesema tu kwamba kitu kilipungua. Ukisema ulitokana na upepetaji, umekwisha kueleza kwa nini vigololi viko juu.

(Vigololi ni neno letu. Wachunguzi wa Marekani walivipachika jina la utani la tunda fulani la kwao, na mswada ukalifuata kwa kuandika “zabibu za buluu”. Zabibu hazimo, wala buluu haimo. Vina rangi ya kijivu. Mzaha wa watu haubebwi mgongoni kuvuka bahari. Vivyo hivyo zile nguzo za vumbi zinazozunguka, ambazo mswada umeziita “mashetani ya vumbi”, sisi twazijua tangu utotoni kuwa ni vimbunga vidogo vya kisulisuli, au chamchela. Mirihi inazo pia.)

Kazi ya pili ya upepo ni kuchonga. Mchanga unaorukaruka ukiugonga mwamba miaka elfu kwa elfu, mwamba hulika. Mswada unauita “msuguo wa mchanga”. Tatizo ni kwamba msuguo umekwisha kuchukuliwa na fizikia, kwa maana ya ile nguvu inayozuia vitu viwili kuteleza vikigusana, na mwanafunzi atakutana nao huko akiwa na maana hiyo. Istilahi moja isiolewe na waume wawili. Twapendekeza msasa. Msasa ni mti ambao majani yake ya kukwaruza yalitumiwa na maseremala kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani, na karatasi ilipokuja ililirithi jina. Kupiga msasa ni hasa kile kinachofanywa na mchanga: chembe ngumu, nyingi, ndogo, zinakwaruza kidogo kidogo upande mmoja. Anayetaka kuuona msasa huo juu ya kreta bila kuondoka Afrika aitazame picha ya Aorounga, kaskazini mwa Chad, iliyopigwa kutoka angani. Ni kreta yenye kipenyo cha zaidi ya kilomita 10, nayo imechorwa mistari iliyonyooka kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi: migongo ya mwamba iliyobaki, na mifereji yenye mchanga katikati yake. Ni kama ubao uliopigwa msasa na fundi asiyebadili mkono.

Juu ya kazi ya tatu, kurundika, hatuna la kulalamika. Mswada unasema mrundiko na matuta ya mchanga, nasi twakubali, ingawa kwa mkulima wa Usukumani tuta ni mahali pa kupanda viazi na kwa dereva ni kile kinachomvunjia springi. Muktadha utasaidia. Mfano wa hapa nchini unao uzuri wake: karibu na Olduvai lipo tuta la majivu meusi ya volkano, lenye umbo la hilali, linalohama kwa kusukumwa na upepo zaidi ya mita 10 kila mwaka. Watembezi wa watalii hulionyesha kila siku. Vitabu vya shule vimelisahau, na mwandishi angefanya vyema kulitia ndani, maana ni mchanga mweusi wa volkano, kama ule ulio katika sakafu ya Victoria.

Kuna jozi moja ya vitenzi ambayo hatukuitarajia na imetufurahisha kuliko zote. Mswada unaeleza kreta ya Gale, yenye upana wa kilomita 154, karibu sawa na safari ya barabara kutoka Mwanza hadi Shinyanga, ambako gari la uchunguzi Curiosity lilitua mwaka 2012. Katikati yake unasimama mlima wa tabaka juu ya tabaka wenye kimo cha kilomita 5 na zaidi. Wataalamu wengi huona kwamba tabaka hizo zilipata kuijaza sehemu kubwa ya kreta, kisha upepo ukazitoa, ukauacha mlima. Mwandishi ametumia sentensi nne ndefu kuyasema hayo, na “mmomonyoko” katika kila moja. Kiswahili kinayasema kwa maneno mawili: kreta ilifukiwa, kisha ikafukuliwa. Vitenzi vinatofautiana kwa sauti moja, na sauti hiyo ndiyo inayopindua maana, kama katika kuziba na kuzibua. Tumemwandikia pembeni: fukia, fukua. Hatukuongeza neno.

Limebaki neno kreta lenyewe. Lipo neno kasoko, na wapo wanaolipigania kwa kuwa si la kukopa. Nasi twalipenda, lakini kasoko ni kinywa cha mlima wa moto, na moto huo hautoki ndani yake hata ukiliosha. Mtoto akisoma kwamba Mirihi imejaa kasoko atadhani imejaa volkano. Kreta nalo halina usafi kamili. Kwa Watanzania wengi kreta ni Ngorongoro, ambayo si shimo la kupigwa na kitu wala si kinywa cha kawaida cha volkano, bali ni mlima uliobomoka na kutumbukia ndani yake, ukaacha bakuli lenye upana wa kilomita 20 hivi. Jina lake hasa ni kaldera. Mwandishi alijaribu kutofautisha kwa kusema “kreta ya mgongano”. Kugongana ni kwa wawili wanaoendana, kama magari mawili kwenye kona. Hapa mmoja amekuja na mwingine amepigwa. Tumependekeza kreta ya pigo, dhidi ya kreta ya volkano. Anayeandikia watoto wadogo aweza kusema kreta ya kimondo, mradi aeleze kwamba si kila kimondo huacha kreta: Kimondo cha Mbozi, pamoja na uzito wake wa zaidi ya tani 10, kimelala huko kusini bila kreta yoyote kuonekana. Kreta ya pigo iliyo jirani nasi ni ya Luizi, katika nyanda za Kundelungu huko Katanga, yenye upana wa kilomita 17 hivi, iliyothibitishwa mwaka 2011. Wakazi wa mkoa huo wanasema Kiswahili. Ingefaa waulizwe wanaiitaje.

Baada ya hayo tulijaribu kufanya kile tunachowadai wengine. Tuliiandika upya aya ya kati ya sura ya tano, nasi twaitoa hapa ipimwe:

Kreta ya Victoria ilipozaliwa ilikuwa na upana wa mita 600 hivi. Leo ina mita 750. Mchanga uliorukaruka umeupiga msasa ukingo wake, hasa kwa mstari wa magharibi-kaskazini-magharibi hadi mashariki-kusini-mashariki, ambako pepo zilizozoeleka zimeongeza kiasi cha mita 50 ya upana. Mahali mwamba ulipokuwa dhaifu pametokea ghuba. Ulipokuwa mgumu imebaki rasi. Kilichoanguka ndani, pamoja na mchanga ulioletwa kutoka nje, kimeifukia sakafu kwa mita 50 hivi, na juu yake upepo umerundika matuta. Sasa kina chake ni mita 75 tu. Upande wa kaskazini michirizi myeusi inatoka katika ghuba na kulala juu ya uwanda: ni mchanga unaopeperushwa kutoka ndani. Mwamba wenyewe, ukiutazama katika rasi, una tabaka zilizolala mshazari, alama ya matuta ya mchanga ya zamani sana yaliyogeuka kuwa jiwe. Upepo uliujenga mwamba huu kabla ya kuubomoa. Hewa ya Mirihi ni nyembamba, chini ya sehemu 1 katika 100 ya hewa yetu, kwa hiyo kazi hii imetaka muda mrefu mno. Gari la uchunguzi Opportunity liliufikia ukingo huo Septemba 2006, likashuka ndani mwaka uliofuata, likatoka Agosti 2008. Dhoruba ya vumbi iliyoifunika sayari mwaka 2018 ndiyo iliyolinyamazisha.

Msomaji ataona kwamba neno mmomonyoko halimo. Lakini hatukulifukuza kabisa. Upepo ukiisha kuula ukingo, mwamba wa juu hukosa egemeo na kuanguka kwa mapande. Hapo ukingo unamomonyoka kweli kweli, na neno limerudi nyumbani kwake. Mwandishi alipokuwa akieleza maporomoko ya aina hiyo tulimwachia, na tuliandika “sawa”.

Yako pia mambo ambayo hatukuyamaliza. Vile vigololi vinavyobaki baada ya upepetaji vyahitaji jina la jumla, kwa maana si Mirihi tu, bali hata jangwani hubaki changarawe namna hiyo. Mmoja wetu alitaka “masalio”, mwingine akasema masalio ni ya chakula na ya marehemu. Alitaka “chenga”, lakini chenga ni kilichovunjika, na hiki ni kile kilichokataa kuvunjika. Tuliliacha wazi, na twawaomba wasomaji wanaotoka mahali pakavu watuletee neno.

Mwandishi amekwisha kutujibu. Kupepeta amekupokea kwa mikono miwili, akatueleza kwamba alisoma aya yetu mbele ya darasa lake, na mtoto mmoja akauliza kama Mirihi ina ungo. Msasa ameupokea. Kreta ya pigo anaisitasitia, kwa kuwa wanafunzi wake wakisikia kreta hufikiri kreti ya soda. Picha ya Jiwe la Bismarck ameihamisha. Lakini amezusha swali moja ambalo hatukuwa tumelifikiri, nalo ni zito kuliko yote tuliyoyaandika. Mwanafunzi wake atakapoketi kwenye mtihani ataulizwa juu ya mmomonyoko wa upepo. Akijibu kwa upepetaji na msasa, msahihishaji aliye na mwongozo mbele yake atampa sifuri. Anauliza: ni nani atakayeilipa alama hiyo?

Hatuwezi kusema kwamba hilo halituhusu. Tumemshauri kwamba mahali pa kwanza katika sura aandike “mmomonyoko uletwao na upepo”, jina ambalo sarufi yake haina kosa na ambalo mtoto atalitambua mtihanini, kisha aeleze kwamba ndani yake mna kazi mbili, upepetaji na msasa, na kwamba kurundika ni kazi nyingine. Kuanzia hapo atumie maneno mapya. Orodha ya istilahi hizi, pamoja na barua yake, tumeipeleka kwa wanaotunga miongozo ya usahihishaji. Jibu lao likija tutalichapa.